Mfungo wa Mawazo

Ukipita Kinama asubuhi, kwenye ile njia ya vumbi wanayoshukia wafanyakazi kuelekea mjini, utalikuta karai la Mawazo likichemka mafuta na mwenyewe akiwagawia watu mandazi na pole. Mandazi utalipia, pole ni ya bure. Fundi akipita na bega limevimba, "Pole, kaka." Mwalimu akikohoa, "Pole, mwalimu." Siku moja mbuzi wa jirani alijikwaa kwenye jiwe mbele ya karai, na Mawazo, mikono imejaa unga, akamwambia "Pole, mama," kwa sauti ile ile anayowapa watu. Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakuona kichekesho, maana mbuzi yule alikuwa na mimba.

Katika Kinama yote alikuwepo mtu mmoja tu ambaye hajawahi kuionja pole ya Mawazo, naye ni Mawazo mwenyewe. Kwake alikuwa na neno jingine: mulafi. Alijiita hivyo akijifunga kitenge ambacho hakimzunguki tena vizuri, akajiita hivyo akiinama kuokota kijiko na pumzi ikamkatika. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, mkubwa wa mwili na mwepesi wa kucheka, aliyevuka mpaka kuja huku kwa Warundi wakati wa vita akiwa bado msichana. Akaolewa na Moïse, baharia wa meli za mizigo ziendazo Kigoma, wakamzaa Bonfils, na tangu hapo mtaa mzima ukamwita Mama Bonfils.

Unene kwao haukuwa aibu. Ukinenepa, watu wanakuambia maisha yamekukubali. Shida ilianza siku ile ya kituo cha afya, muuguzi Herménégilde alipomchoma kidole, akaangalia kipimo, akakiangalia tena.

"Mama, sukari haijaingia," alisema. "Lakini iko inagonga mulango."

Mawazo aliujua mlango huo. Sukari ilimkata mama yake mguu kwanza, kisha ikamzima macho, na mwishoni kule Uvira mama alikuwa akimtambua binti yake kwa kumpapasa uso. Vidole vile Mawazo anavisikia mpaka leo kwenye mashavu yake.

"Usiogope," Herménégilde akaendelea. "Kula asubuyi, usingoje njaa ikushike. Maharagi, mboga ya lenga-lenga, bugali kidogo. Mandazi uuzie wengine. Tembea kwa miguu. Utapungua pole pole, mama. Pole pole, unasikia? Mvua ikiisha, rudi tupime."

Mawazo alisikia "utapungua". Hayo mengine aliyaacha pale pale kwenye benchi.

Basi akajitungia sheria yake, nayo ilikuwa fupi: asile. Asubuhi aliwakaangia wengine akimeza mate. Mchana alikunywa maji na kujisifu. Jioni ilipofika, karai limeoshwa, na yale mandazi yaliyopinda au kuungua upande, ambayo wateja hawayataki, yamelala kwenye beseni chini ya kitambaa, njaa ya siku nzima ilimrukia. Alikula amesimama nyuma ya mlango, haraka haraka, hata utamu asiupate. La mwisho alilisindikiza na lile neno lake: mulafi. Na mlafi lazima aadhibiwe, kwa hiyo kesho yake hakula tena, na jioni yake mambo yakawa yale yale. Mtu angemfanyia hivyo mtoto wa jirani, Mawazo angemkimbiza na mwiko.

Moïse aliporudi safari moja, alimkuta mkewe uani akiosha beseni na kunung'unika.

"Unamutukana nani hivyo ndani ya lupango yangu?" akauliza.

"Miye mwenyewe."

Moïse akatua mfuko wake wa dagaa. Si mtu wa maneno mengi, ziwa limemzoesha kunyamaza. "Huyo unamutukana ni muke wangu," akasema. "Umupatie heshima."

Mawazo akacheka, akamrushia maji. Lakini kesho yake hakula.

Sasa kosa lililomnasa mbele ya mtaa mzima lilianzia kwenye neno moja. Huguette, jirani yake na mwenzake katika kikundi cha akina mama wa maombi, alimletea sahani ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ya moto, mawese yanang'aa juu. Mawazo alikuwa katika siku yake ya adhabu. Angeweza kusema tumbo linauma. Akasema, "Apana, asante, niko nafunga."

Na Kinama, kwa Wakongomani wale wa makanisa ya maombi, hakuna anayefunga kwa sababu ya kilo. Macho ya Huguette yakajaa heshima papo hapo. Akaiweka sahani chini taratibu.

"Basi unikumbuke," akanong'ona. "Prodige alienda ku machimbo, mpaka leo hata sauti yake sijaisikia."

Mawazo alitaka kusahihisha. Lakini mwanamke anakulilia mume mbele yako, utamwambiaje kwamba njaa yako ni ya mandazi ya jana? Akamshika mkono, akampa pole, na usiku huo akamwombea Prodige kwa moyo wote. Tuseme haki, hapo hakudanganya hata chembe.

Wiki hazikupita nyingi, Prodige akatokea. Amekonda, mguu mmoja hauna kiatu, lakini ni mzima. Huguette alitembea mtaa mzima akipiga vigelegele: "Mama Bonfils alifunga juu yangu! Mama Bonfils alifunga!"

Baada ya hapo uani kwa Mawazo hakukukauka watu. Akaja mama ambaye binti yake anaogopa mtihani wa taifa. Akaja mzee anayesubiri karatasi za kwenda kwa watoto wake Ulaya. Kuli mmoja wa bandarini alitaka aombewe timu yake ya mpira, huyo akatimuliwa. Wote Mawazo aliwapokea, akawapa kigoda, akawapa pole, akawaombea. Nao wakaenda wakisema, huyo mama ana mfungo wa nguvu.

Hebu fikiri adha aliyojitia. Mtu anayefunga kwa ajili ya mtaa mzima haonekani na sahani. Msibani walimpita na chakula kwa adabu, harusini wakamletea maji. Hata siku alizoamka na nia ya kunywa uji kama watu, mtu alikuwa tayari mlangoni na shida yake. Njaa ikawa ndefu zaidi, beseni la jioni likawa tupu zaidi, na kitenge, badala ya kulegea, kikabana. Mawazo aliogopa. Mvua ilikuwa inaelekea kuisha, na kila akifumba macho alivisikia vile vidole vya mama yake usoni.

Mchana mmoja wa manyunyu akabisha hodi Spéciose. Huyu ni Mrundi, anakaa nyumba ya tatu, mpole wa kutembea kando ya ukuta, anafua nguo kwenye nyumba za watu huko juu Gihosha. Ni Mkatoliki, na hakuwa amezoea mambo ya kuombewa uani. Alikaa kwenye kigoda akakunja kitambaa chake cha kichwa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Ni juu ya mutu gani, dada?" Mawazo akamsaidia.

"Ni miye." Spéciose akaangalia chini. "Nashinda Gihosha bila kula. Nikirudi jioni, Mana yanje, Mungu wangu, nakula mpaka nalia. Nasimama tu pa sufuria, sikai hata chini. Halafu najichukia. Mwambie Mungu anitoe huu ulafi."

Mawazo hakungoja amalize. Alishasogeza kigoda, alishamshika mikono yote miwili, ile mikono iliyokwaruzwa na sabuni.

"Pole, dada yangu. Pole sana. Ulafi wapi? Umeshinda unapanda mulima, unafua manguo ya batu, tumbo tupu. Mwili ulilia, weye ukausikia. Kosa iko wapi hapo? Usijitukane, tafadhali. Kesho kula mbele ya kutoka, kakitu ka nguvu. Beba na kiazi ya njiani. Na ukianguka tena jioni, usijipige, unaanza tu tena. Pole pole."

Spéciose alilia, akapangusa uso, akaondoka amenyooka kidogo kuliko alivyokuja. Mawazo akarudi kukaa kigodani. Kumbe maneno yote yalikuwa mdomoni mwake siku zote hizi. Ya Herménégilde yalikuwemo, hata ya Moïse yalikuwemo, naye alikuwa akiyatoa nje kila asubuhi kwa wapita njia, kwa walimu, kwa mbuzi. Ndani hakubakiza hata moja.

Akajaribu. Akatazama kushoto na kulia kama mwizi, akasema, "Pole, Mawazo."

Ilimtoka vibaya, kama salamu kwa mtu asiyemjua. Akacheka peke yake. Huku kwetu pole inataka watu wawili, mmoja wa kuisema na mmoja wa kuitikia asante. Sasa nani aitikie? Kicheko kikageuka kilio kidogo, akamwonea huruma yule mwanamke wa nyuma ya mlango ambaye kila jioni alikula amesimama kama mgeni asiyekaribishwa.

Kesho yake kabla ya kuwasha moto alikula maharage ya jana na lenga-lenga, ameketi kigodani, mlango umefungwa kwa komeo. Jioni njaa ilikuja, ila ilikuja kwa adabu. Mandazi yaliyopinda akawagawia watoto wa jirani kabla hayajapoa. Siku ya mvua kubwa wateja hawakuja, mandazi yakabaki beseni zima, akala mengi tena. Asubuhi yake neno lile likamfika mpaka ulimini. Akalimeza pamoja na maharage, akaendelea na siku yake. Moïse aliporudi, Mawazo hakupanda basi kwenda kumpokea bandarini, alienda kwa miguu, akisimama njiani kila alipochoka, na Moïse alipomwona anakuja amelowa jasho alitabasamu kama kijana.

Lakini kula kwake kulibaki kwa siri, komeo limefungwa. Mtaa ulijua anafunga bado. Alijiambia atawaeleza siku nyingine, na siku hiyo nyingine haikuwa na haraka yoyote.

Ndipo akaja Mama Mathilde, kiongozi wa kikundi, mrefu, mkavu, kitambaa cheupe kimekazwa kichwani.

"Mama Bonfils, tumeamua," alisema. "Siku tatu kavu. Bila kula, bila maji. Ni weye utatuongoza."

Mawazo akaona mbele yake kipimo cha Herménégilde. "Mama Mathilde, miye..."

"Usikatae. Batu bamekwisha kusikia. Hata ba kanisa zingine watakuja."

Akakubali. Usimlaumu upesi. Heshima ni tamu, na kumwangusha mtu aliyekuamini ni kazi ngumu. Ila asubuhi ile ya kwanza alikula kama kawaida, komeo limefungwa, na kwenye mkoba, chini ya Biblia, akatia kiazi kitamu kilichochemshwa. Alijiambia kesho atajua la kufanya.

Kanisa lao ni la mbao na mabati, na kufikia mchana mabati yalikuwa yameshika moto. Akina mama walijaa. Mawazo alisimama mbele akaanzisha wimbo, macho yakawapitia watu kama desturi yake, akimtafuta aliyechoka kuliko wote ampe pole. Akamwona. Nyuma kabisa, ameegemea nguzo, Spéciose. Midomo imekuwa ya kijivu, jasho jembamba kwenye paji la uso, mikono inamtetemeka mapajani.

Wimbo ukamkatikia mdomoni. Akashuka, akapita katikati ya madawati mpaka kwenye nguzo, akapiga magoti.

"Spéciose, sikukuambia kula?"

"Uliniambia." Sauti ilikuwa ya mbali. "Nilikula siku nyingi, nikawa muzuri. Lakini juzi nilianguka, nikakula sufuria muzima. Nikasikia weye unafunga kavu. Nikasema, kumbe ile ya kuanza tena pole pole ni ya batu wazaifu. Wenye nguvu wanajifunga kama Mama Bonfils. Tangu jana sijaonja kitu."

Hapo ndipo mambo yote yalipomwangukia Mawazo kwa pamoja. Maneno aliyompa dada huyu mchana ule yalikuwa ya kweli, ila maisha aliyomwonyesha yalikuwa ya uongo, na mtu huyu aliyaamini maisha. Akafungua mkoba. Akatoa kiazi, akakivunja katikati.

"Kula."

Spéciose akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamdondoka, lakini alikuwa mbishi. "Weye kwanza. Nitakula nikikuona unakula."

Kanisa zima lilikuwa limegeuka. Mama Mathilde alikuwa amesimama wima. Mawazo alishika kipande chake. Haya aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko ile ya nyuma ya mlango. Kisha akamtazama Spéciose midomo, akakaa chini sakafuni, akanyoosha miguu kama mtu aliye kwake, akauma kiazi. Alikitafuna polepole mbele ya kila mtu. Kilikuwa kitamu, na utamu wake aliusikia.

Spéciose akala.

"Mama Bonfils!" Mathilde alisema. "Uko unakula?"

"Niko nakula, ndiyo. Nilikula na asubuyi. Nakula kila asubuyi." Akameza. "Ile kufunga yangu haikukuwa ya Mungu, Mama Mathilde. Nilikuwa najiazibu juu ya mwili wangu. Nilisema neno moja kwa Huguette, mukalipokea vingine, na miye nikaona haya ya kulirudisha. Sukari inanitafuta kama ilivyomutafuta mama yangu. Nikiendelea kujiua njaa, itanipata. Maombi nitawaombea mpaka nife. Kufunga, sifungi tena."

Kisha Huguette akasimama, amekunja uso kwa mawazo mazito.

"Sasa Prodige nani alimurudisha?"

"Mungu," Mawazo akasema. "Uliomba weye, nikaomba miye, akasikia. Hakuwa anaangalia tumbo yangu."

Kicheko kimoja kikatoka mahali fulani, kikafuatwa na kingine. Mama Mathilde hakucheka. Alikuja taratibu mpaka nyuma, akamtazama Spéciose ambaye rangi ilikuwa inamrudi, akamtazama Mawazo pale sakafuni na makombo kifuani. Mawazo akajiandaa kwa maneno makali. Mathilde akavuta kitambaa chake cheupe, akajipangusa shingo.

"Miye nina tansyo, ile ya damu kupanda," akasema kwa sauti ya chini. "Vidonge banasema nimeze na chakula. Leo sijameza." Akainama kidogo. "Hiyo kiazi... ulileta moja tu?"

Siku hiyo waliomba mpaka jioni, na katikati ya maombi mtu alitumwa kuleta maharage.

Mvua ilipoisha, Mawazo alirudi kwa Herménégilde. Alipanda kwenye mzani akiwa amefumba macho, na muuguzi akamwambia afumbue. Alikuwa amepungua kidogo, kidogo kweli, kiasi ambacho hata kitenge hakikuwa na uhakika. Kidole kikachomwa. Herménégilde akaangalia kipimo, akakiangalia tena, halafu akatabasamu.

"Imerudi nyuma. Haijaenda mbali, lakini ku mulango haiko tena. Ulifanya nini, mama?"

"Ile uliniambia. Pole pole."

"Njo vile. Na siku ukishindwa, unafanya nini?"

Mawazo akafikiri. "Nakula asubuyi yake," akasema, na muuguzi akaitikia kwa kichwa kwamba jibu ni hilo.

Alitoka nje, jua limewaka, uwanja hauna mtu. Akili yake ilikuwa kwa mama yake, akitamani angemwambia habari hii, na kwa furaha ile hakuona ngazi ya mwisho. Mguu ukateleza, goti likagonga saruji, mkoba ukaruka. Alikaa pale chini kidogo, akisubiri, kama sisi sote tunavyosubiri tukijikwaa, mtu aseme neno. Hakukuwa na mtu. Akasikia lile neno la zamani likianza kupanda kooni. Akajipapasa goti, kisha akajipapasa shavu, kwa vidole vyepesi, kama alivyopapaswa zamani.

"Pole, Mawazo," akasema.

Na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuitikia, akaitikia mwenyewe: "Asante." Akaokota mkoba, akashika njia ya kwenda nyumbani kwa miguu.